Tanga, waja leo waondoka leo: mnunuzi wa nyumba yetu kaondoka baada ya ukaguzi

BintiReli (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Sijawahi kuanzisha uzi humu, kazi yangu ni kusoma na kupita. Leo usingizi umegoma. Nyumbani siwezi kusema, na ofisini nimeshakuwa habari ya chai ya saa nne.

Tunauza nyumba ya marehemu baba, Chumbageni hapa Tanga mjini. Mzee alikuwa mtu wa reli. Aliijenga kidogo kidogo kuanzia 1981 mpaka 1986, miaka ile saruji inapatikana kwa kibali na kwa kujuana. Mbele ni bati, nyuma kuna vyumba viwili na jiko vyenye slabu ya zege juu, maana nia yake ilikuwa siku moja apandishe ghorofa. Ghorofa haikupanda. Mzee alifariki 2021 na mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Tuko watoto wanne, wa kiume wawili, wa kike wawili. Mama yupo, ana miaka 74, analala chumba cha nyuma.

Mnunuzi tulimpata kwa shilingi milioni 96. Hesabu tukaipiga siku hiyo hiyo: mama thumni yake, yaani moja ya nane, 12, inabaki 84, kaka zangu 28 kila mmoja, sisi wa kike 14 na 14. Niliiandika nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu na naijua kama Alhamdu. Mnunuzi akatoa arbuni, yaani malipo ya kutanguliza, ya milioni 10, mkataba ukaandikwa kwa wakili. Ndani yake kuna kipengele kwamba mnunuzi ana siku 21 za kulikagua jengo, na likikutwa na kasoro kubwa anarudishiwa chake. Nilikisaini bila kukisoma mara mbili. Nyumba imesimama miaka 40, nani ataikuta na kasoro?

Siku ya 16 akaja na injinia wake. Kijana mdogo, raba nyeupe, mkononi kinyundo kama cha kupigilia misumari ya picha. Sebuleni akasema sawa. Nje akasema msingi hauna neno, ila upande wa bafuni ukuta unatoa chumvi. Akaingia chumba cha mama, akapanda kwenye stuli, akaanza kugonga slabu kwa chini. Ko, ko, ko. Halafu sauti ikabadilika: pu, pu, kama unagonga nazi mbovu. Akatoa chaki ya buluu mfukoni, akachora duara. Akasogea, akagonga, duara jingine. Alipofika juu ya kitanda, kipande cha plasta ukubwa wa sahani kikadondoka katikati ya shuka ya mama. Ndani tukaiona nondo. Imevimba, inabanduka magamba mekundu, ukiikwangua kwa kucha inatoka.

Miduara 11. Mnunuzi hakusema kitu, alikuwa anafuta vumbi kwenye simu yake tu. Baada ya siku tatu ikaja ripoti ya kurasa tisa na barua ya wakili wake: hanunui, anaomba arbuni yake ndani ya siku 14.

Kinachoniuma zaidi ni mama. Wiki ile nzima alishapita mtaa mzima kuaga. Kila nyumba ameingia, wameombana radhi, wamelia. Mbuzi yake ya kukunia nazi kampa jirani wa kushoto, sufuria la shughuli kampa wa kulia. Sasa asubuhi anafagia uwanja na watu wanapita wanamsalimia hawajui waseme nini.

Mimi nina hasira na yule kijana mpaka natetemeka. Nyumba haijawahi kumwangukia mtu, yeye kaja na kinyundo chake dakika 40 kaivunja. Kuna aliyewahi kupitia hili? Mlikaaje nalo? Na je, nitafute mnunuzi mwingine haraka kabla habari haijaenea, au ndiyo basi tena?

Nguru wa Deep Sea

Pole sana mkuu. Tanga yetu hiyo, waja leo waondoka leo. Huyu wenu kaondoka kweli.

Kinyozi Janja

Mkuu mbona jambo dogo. Tafuta fundi, piga plasta kavu juu ya hiyo miduara, pigilia silingi bodi chumba kizima, paka rangi nyeupe. Wiki mbili unamuuzia mtu wa mkoani anayetaka kuhamia pwani. Watu wa bara wakiona upepo wa bahari hawaangalii juu.

FundiMwambani

Kinyozi, baki na vichwa vya watu, nyumba tuachie.

Mleta uzi, nimejenga Tanga miaka 26, nimevunja slabu za aina hiyo nyingi tu, Raskazone, Chumbageni, mpaka Sahare. Nitakueleza kinachotokea, ukishakielewa hasira na yule kijana itapungua.

Nondo ikikaa ndani ya zege zuri haishiki kutu. Saruji inaizunguka na kuilinda, kuna utando mwembamba sana unajijenga juu ya chuma. Adui wa ule utando ni chumvi. Miaka ya 80 mtu anayejenga kwa mshahara alichukua mchanga wa karibu, na mchanga wa karibu Tanga ni wa ufukweni. Chumvi ikaingia kwenye zege tangu siku ya kumwaga. Ongeza na unyevu wa hapa, ongeza na slabu ya juu iliyoachwa wazi bila kuezekwa, maji ya mvua yanasimama na kunywewa polepole. Ule utando unaondoka, chuma kinaanza kuliwa.

Sasa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi. Haina pa kwenda, inasukuma zege. Zege likisukumwa kutoka ndani linaachana kama mkate uliooka vibaya: juu unaona zima, katikati hewa. Hiyo ndiyo sauti ya pu uliyoisikia. Na mara nyingi zile nondo waliziweka chini kabisa bila biskuti (vile vipande vidogo vya zege) za kuziinua, kwa hiyo zege lililokuwa linazifunika ni la kidole kimoja au pungufu. Slabu ya ndani milimita 25 ni kawaida, karibu na bahari inatakiwa zaidi.

Kuhusu kuziba. Inawezekana kuchimba kwa tindo mpaka uzunguke nondo, kuisugua kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, kuongeza nondo pale ilipoliwa, kisha kujaza zege jipya. Nimefanya hiyo kazi na nimelipwa. Lakini nikwambie ukweli ambao mafundi wengi hawausemi: kama chumvi iko kwenye slabu nzima, ukiziba hapa kutu inahamia pembeni ya kiraka. Baada ya miaka michache unaitwa tena. Silingi bodi ndiyo mbaya kuliko yote, maana inaficha. Kipande kikidondoka usiku kinakuja na bodi.

Na swali langu kwako ni moja tu. Mama analala wapi leo?

BintiReli

Chumbani kwake. Tumesogeza kitanda ukutani.

FundiMwambani

Mtoe leo.

DalaliMstaafu

Naongea kama mtu aliyekula asilimia za watu Tanga hii tangu stendi iko pale mjini kabla ya kuhamia Kange. Mleta uzi unachouza Chumbageni ni kiwanja chenye hati, mahali pazuri, karibu na mjini, karibu na bahari. Nyumba ni ziada. Wanunuzi wengi wa eneo hilo wakishanunua wanavunja. Kosa lenu mliweka bei ya nyumba nzima. Toa bei ya slabu, uza na ripoti mkononi.

Halafu acha kusema "kabla habari haijaenea". Tanga? Habari ilienea kabla injinia hajashuka kwenye stuli.

WakiliWaKijiweni

Mimi si wakili wako na hapa si ofisini, chukua haya kama mazungumzo ya barazani.

Hongereni kwanza kwa kuandikishana. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya umiliki wa ardhi uwe wa maandishi, na watu bado wanauziana nyumba kwa shahidi mmoja na kahawa. Ninyi mmeandika. Ubaya ni kwamba mlichoandika kinambeba mnunuzi: alipewa siku 21, amekagua siku ya 16, amekuta kasoro kubwa, ametoa taarifa ndani ya muda. Arbuni ni yake. Ukimgomea atakwenda mahakamani na gharama zitakuwa juu yako.

Kuhusu ushauri wa Kinyozi wa kuziba na kupaka rangi. Sheria ya Mikataba inahesabu kuficha jambo unalolijua, kwa makusudi ili mtu anunue, kuwa ni udanganyifu. Mnunuzi akija kugundua anaweza kuomba mkataba ubatilishwe na alipwe hasara. Na wewe huwezi kusema hukujua. Una ripoti ya kurasa tisa na barua ya wakili. Kabla ya tarehe ile ulikuwa muuzaji asiyejua, sasa unajua.

Swali dogo. Hiyo milioni 10 iko wapi?

BintiReli

Nilijua litaulizwa.

Imebaki milioni 2. Milioni 8 nimezilipa kama malipo ya awali ya kiwanja Kange. Nilijiambia fungu langu ni 14, kwa hiyo nimejikopesha changu mwenyewe na kitarudi mwezi mmoja baadaye. Kaka yangu wa Dar naye kwa kuzitegemea zile 28 ameshachukua bajaji ya mkopo, marejesho kila wiki. Yeye hajui kwamba arbuni haipo. Hakuna anayejua. Nimeandika hapa kabla ya kumwambia mtu yeyote mwenye damu yangu, na mikono inatoka jasho.

Na jamani mimi ni dada, "mkuu" sawa lakini nimechoka.

Mwana wa Ngamiani

Duh.

WakiliWaKijiweni

Dada, nitakwambia kwa upole lakini nitakwambia. Ile arbuni ilikuwa ya mirathi, na mirathi ilikuwa haijagawanywa. Msimamizi hana fungu mpaka mali igawiwe, ana dhamana tu. Wenzako wakiamua kwenda mahakama iliyokuteua, wanaweza kuomba uondolewe usimamizi na utakiwe kuzirudisha. Sisemi watafanya hivyo. Nasema usisubiri wasikie kwa wakili wa mnunuzi.

Tatu za haraka: waambie ndugu zako wiki hii. Mwandikie mnunuzi kwamba unakubali deni na uombe kulipa kwa awamu, tarehe na kiasi viandikwe, msaini wote. Na mwenye kiwanja cha Kange umwendee kwa heshima, umuulize kama yuko tayari kukirudisha sokoni na kukulipa akipata mwingine. Soma mkataba wake kwanza. Safari hii mara mbili.

MtuWaDunda

Nipo Bagamoyo, nimekaa muda naogopa kuandika maana yangu ilikuwa aibu.

2019 nilikuwa nauza nyumba yangu Magomeni, hapa hapa Bagamoyo. Mnunuzi anakopa benki. Benki ikataka mthamini, mthamini akataka mpimaji aje ahakiki mipaka. Mpimaji kaja na kifaa chake cha miguu mitatu, kahangaika kutafuta bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, mbili kazipata, moja ilikuwa chini ya banda la kuku wa jirani. Akavuta kamba. Shimo langu la choo na kona ya ukuta vimeingia kwa jirani mita moja na sentimita 60. Benki ikakataa siku hiyo hiyo, mnunuzi akanipigia simu akiwa ameshafika Mapinga anarudi zake Dar.

Unajua nilifanya nini? Nilimtukana mpimaji. Halafu nikamtukana jirani, mtu ambaye mwanangu alizaliwa mkewe akiwa ndiye aliyeshika taa. Nikasema kahamisha bikoni. Bikoni ina zege na chuma ndani, mzee wa miaka 70 ataihamisha na nini? Aliyejenga ovyo ni mimi, nilipima kwa hatua za miguu 2007 nikiwa na haraka ya kuhamia.

Miezi miwili sikusalimiana na jirani. Nilikuwa nimeshaagiza matofali ya nyumba mpya Kiromo, yakapelekwa, yakakaa kwenye majani mpaka yakaota ukungu. Nilikuwa napita njia ya mbali nisiyaone. Hicho ndicho ninachoweza kukwambia kuhusu "mlikaaje nalo": mimi nilikaa nalo vibaya. Kilichonitoa ni mke wangu kupika pilau siku ya Maulidi na kumtuma mtoto na sahani kwa jirani bila kuniuliza. Sahani ikarudi na ndizi. Wiki iliyofuata nikaenda mwenyewe. Nikahamisha choo kwa gharama yangu, ukuta nikavunja kona. Nyumba niliuza miezi 14 baadaye kwa bei ya chini kidogo, kwa mtu mwingine kabisa, na mpimaji aliyekuja kuhakiki alikuwa yule yule niliyemtukana. Alinikumbuka.

Mama Zuhura Makorora

Mwanangu BintiReli, sijui mambo ya nondo. Nakuuliza umekula? Maana umeandika mambo ya watu wote, mnunuzi, injinia, kaka, mama, hujaandika habari ya tumbo lako.

Mimi niliachwa na posa mwaka wangu wa 22, ukumbi umelipwa, nguo zimeshonwa. Nyumba iliyoshindwa kuuzwa na posa iliyorudi ni kitu kimoja, watu wanakutazama usoni kukuhesabia. Nilijifungia siku tisa. Siku ya kumi bibi yangu aliingia, akanipa kikapu, akasema kanunue samaki. Nilipita soko zima la Ngamiani nimejifunika mpaka macho, na kila mtu alinijua. Nikanunua changu wawili nikarudi. Kesho yake nikaenda tena, nimejifunika kidogo.

Mama yako usimwonee huruma ya mbali. Kaaga, hakuondoka, basi. Watu wa safari ya Hija zamani walikuwa wanaaga mtaa mzima, jahazi linakosa upepo, wanarudi nyumbani kula futari na majirani wale wale. Mpeleke akakae kwako kidogo, au umlaze sebuleni. Na wewe kunywa hata uji.

Mgosi wa Lushoto

Nimependa hiyo ya kujifunika kidogo.

Sina Jina Langu

Mimi nitasimama upande wa mnunuzi, mnisamehe. Mwaka juzi nilitaka nyumba Mikanjuni. Mwenye nyumba aliona nakuja na fundi akanuna, akasema "huniamini". Nikaona haya, fundi akabaki getini. Nikanunua. Mvua za masika za kwanza chumba cha watoto kikawa bwawa. Ningekuwa na kijana wa raba nyeupe ningekuwa na milioni zangu 11 leo. Dada, huyo hakuja kukuharibia. Alikuwa na hela moja tu kama mimi.

Kinyozi Janja

Sawa, nafuta ile ya silingi bodi. Nilikuwa natania nusu.

BintiReli (mrejesho)

Asanteni. Nimesoma zote, nyingine mara tatu.

FundiMwambani, ule usiku uliponiandikia "mtoe leo" sikumtoa. Nilikasirika na wewe pia. Nikasubiri mama alipokwenda kuswali Isha sebuleni, nikachukua spana kwenye sanduku la zana za mzee, nikapanda kwenye ile ile stuli. Nilitaka nimkamate yule kijana uongo. Nilijiambia amechora miduara mikubwa makusudi ili mnunuzi wake apunguziwe bei.

Nikaanza ndani ya duara la kwanza, pu. La pili, pu. Nikatoka nje ya mduara, upande ambao yeye hakuchora, kuelekea dirishani. Ko. Ko. Pu. Nikarudia, nikidhani mkono umeteleza. Pu. Nikasogea kwenye kona ya kabati ambako nadhani yeye hakufika kwa sababu ya kabati lenyewe. Pu. Chaki ya mwanangu ilikuwepo mezani, nyeupe. Nilikwenda kumkosoa, nikashuka nimemwongezea miduara mitatu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na msala wake mkononi. Akasema, "Nilikuwa nazihesabu kila usiku, kumi na moja. Sasa ngapi?" Nikamwambia kumi na nne. Akachukua mto wake akaenda sebuleni bila kubishana. Hajarudi kulala kule tangu siku hiyo.

Ndugu niliwaita kwenye simu Jumapili, wote wanne tunasikilizana. Nilisema yote kwa pumzi moja. Dada yangu wa Muheza akalia. Kaka mdogo akanyamaza. Kaka wa Dar alisema maneno ambayo sitayaandika, akakata, baada ya saa nzima akapiga tena akaniuliza kama mama amehama chumba. Ndipo akasema bajaji ataihangaikia mwenyewe, ila anataka mnunuzi mwingine akija, hela zipitie akaunti ya mirathi na atie saini yeye pamoja na mimi. Nimekubali. Sina uso wa kukataa.

Mnunuzi amekubali awamu tatu. Ile 2 nimempa tayari, 3 mwisho wa mwezi huu, 5 baada ya miezi mitatu. Tumesaini kwa wakili wake, gharama ya karatasi kanilipia yeye. Mwenye kiwanja cha Kange ananirudishia 7, moja anabaki nayo kwa usumbufu. Inauma lakini ndivyo mkataba wake ulivyoandikwa, na safari hii nilikuwa nimeusoma.

Kula nakula, Mama Zuhura. Uji na maandazi.

FundiMwambani

Hapo sawa. Kabla hamjagusa kitu wekeni mirunda chini ya slabu, usiruhusu mtu kugonga kutoka juu bila mirunda. Nikipita Chumbageni wiki hii nitaangalia, sitaki hela ya kuangalia.

DalaliMstaafu

Na ukivunja slabu ukaezeka bati, hifadhi risiti zote, mbao, bati, ufundi. Nyumba ikija kuuzwa kodi ya ongezeko la mtaji inahesabiwa kwenye faida, na gharama za namna hiyo bila risiti hazina mtetezi.

BintiReli (mrejesho wa pili, wiki sita baadaye)

Slabu imeondoka. Fundi tuliyempata kupitia uzi huu (jina silitaji, hajaniruhusu) aliivunja siku nne, vipande vidogo vidogo, mirunda kila hatua. Vyumba vyote viwili na jiko sasa vina mbao na bati kama upande wa mbele. Usiku wa kwanza ilinyesha na mama alilalamika kelele mpaka alfajiri.

Siku ya pili ya kuvunja fundi aliniita, akanipa bonge la zege ukubwa wa ngumi. Akasema tazama. Ndani yake kulikuwa na makombe madogo ya bahari, meupe, mazima, moja bado lina rangi ya waridi. Nikampelekea mama. Aliligeuza geuza mkononi akacheka, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Akasema ule mchanga aliubeba yeye. Mzee alikuwa akikodi mkokoteni Jumamosi mpaka ufukweni, yeye anajaza karai, wanarudi jioni wameungua jua. Mkokoteni ulikuwa unalipiwa kwa safari, kwa hiyo safari ya mwisho walikuwa wanaujaza mpaka unalemea, na kilichozidi anakibeba kichwani. "Tungejua wapi habari ya chumvi," akasema. "Tulijua ni wa bure." Lile bonge ameliweka dirishani, chumba cha nyuma, ambako sasa anataka kurudi kulala.

Yule injinia nilimtumia ujumbe kumwomba ruhusa ya kuwaonyesha wengine ripoti yake. Akajibu niongee na aliyeilipia. Mnunuzi kakubali. Juu yake nimebandika risiti na picha za slabu ikitoka.

Nyumba bado haijauzwa. Bei tumeshusha mpaka 88. Alikuja mtu wa Korogwe Jumamosi, nikampa karatasi zote kabla hajakaa. Akasoma, akauliza choo kiko wapi, akaenda zake. Jana kapiga simu anaulizia ukubwa wa kiwanja. Nyuma ya daftari sijaandika kitu.

Kinyozi Janja

Na ile mbuzi ya nazi, mama karudishiwa?

BintiReli

Jirani kairudisha mara mbili, mama kaikataa, anasema alishaitoa kwa radhi. Kila siku saa nne anakwenda kuiazima.